Mafuta ya Mbegu za Pamba: Kemia Inayosimama Kati ya Shamba la Shinyanga na Chungu cha Mwananchi

Na Mwandishi Wetu

MIKOA ya Shinyanga na Geita inafahamika zaidi kwa utajiri wa madini. Almasi ya Mwadui, dhahabu ya Kahama na migodi ya Geita imeifanya mikoa hiyo kuwa sehemu muhimu ya uchumi wa Taifa. Hata hivyo, kabla ya migodi mikubwa ya dhahabu kufunguliwa, na hata sasa inapoendelea kuchimba, familia nyingi za mikoa hiyo zimekuwa zikiishi kwa jembe, na zao lao kuu la biashara ni pamba.

Wakati wa msimu wa ununuzi, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, mjadala wa wakulima na wanunuzi huelekezwa kwenye bei ya kilo moja ya pamba mbegu. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba sehemu kubwa ya uzito unaowekwa kwenye mizani ya chama cha msingi ni mbegu. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu zinazofikishwa kiwandani, nyuzi hufikia kilo 35 hivi, na sehemu kubwa ya kilo zinazobaki ni mbegu, ambazo ndani yake kuna mafuta ya kula.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa nchi ambayo haijajitosheleza kwa bidhaa hiyo. Takwimu zilizotolewa na Serikali mwanzoni mwa muongo huu zilionesha kuwa mahitaji ya mafuta ya kula nchini yalikuwa takribani tani 570,000 kwa mwaka, ilhali uzalishaji wa ndani ulikuwa takribani tani 205,000. Pengo hilo huzibwa kwa mafuta yanayoagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Ndiyo maana Serikali imekuwa ikihimiza kilimo cha alizeti, michikichi na mazao mengine ya mbegu za mafuta.

Makala haya yanaeleza kinachotokea kwa mbegu ya pamba kuanzia kiwandani hadi jikoni, kwa nini mafuta yake hayafai kuliwa kabla hayajasafishwa, nafasi ya vyuo vikuu na taasisi za utafiti katika kazi hiyo, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyazingatia anaponunua na kutumia mafuta.

Kilichomo ndani ya mbegu

Mafuta ni sehemu ya kundi kubwa la kemikali asilia ambazo wanasayansi huziita lipidi. Kimuundo, sehemu kubwa ya mafuta ya kula ni trigliseridi, yaani gliseroli iliyoshikamana na asidi za mafuta tatu. Msingi wa elimu hiyo uliwekwa na mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1823 alichapisha kitabu kilichoeleza kwa mara ya kwanza kwa upana kuwa mafuta ya wanyama yameundwa kwa gliseroli na asidi mbalimbali.

Aina ya asidi hizo na uwiano wake ndivyo vinavyoyapa mafuta tabia yake. Katika mafuta ya mbegu za pamba, takribani nusu ni asidi ya linoleiki, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza na hivyo lazima itokane na chakula. Takribani robo ni asidi ya palmitiki, ambayo huganda kirahisi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni asidi ya oleiki. Mafuta ya alizeti yana asidi ya palmitiki kidogo zaidi, na mawese yana nyingi zaidi. Hiyo ndiyo sababu mawese huganda penye ubaridi, alizeti hubaki kimiminika, na mafuta ya pamba huwa katikati ya hayo mawili. Mafuta ya pamba yanapoonesha ukungu au chembe nyeupe baada ya kuwekwa kwenye jokofu, hali hiyo peke yake si ushahidi kwamba yamechakachuliwa.

Kiasi cha mafuta katika mbegu ya pamba kwa kawaida ni kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Mashine ndogo za kukamulia haziwezi kuyatoa yote. Sehemu yake hubaki kwenye mashudu. Viwanda vikubwa vinavyotumia kiyeyushi kiitwacho heksani hubakiza chini ya asilimia moja. Tofauti hiyo ina maana kubwa kiuchumi. Mapato ya mchambuaji wa pamba hutokana na nyuzi pamoja na mbegu, kwa hiyo bei anayoweza kumlipa mkulima hubeba thamani ya vyote viwili. Mafuta yanayopotea kwenye mashudu, au yanayoharibika ghalani, ni thamani iliyopungua kwa mnyororo mzima, akiwamo mkulima.

Gosipoli: kinga ya mmea, sumu kwa mlaji

Mbegu ya pamba ikipasuliwa huonesha vidoadoa vyeusi. Hivyo ni vifuko vidogo vyenye kemikali ya rangi ya njano iitwayo gosipoli. Mmea huitumia kujikinga dhidi ya wadudu. Kwa binadamu, na kwa wanyama wasiocheua kama nguruwe na kuku, gosipoli iliyo huru ni sumu. Mbegu inapokamuliwa, sehemu ya kemikali hiyo huingia kwenye mafuta na kuyapa rangi ya wekundu mzito unaoelekea weusi.

Madhara yake yanafahamika kutokana na mambo yaliyowapata watu halisi. Nchini China, katikati ya karne iliyopita, vijiji vilivyokuwa vikipikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba vilishuhudia ndoa nyingi zikikosa watoto. Uchunguzi ulibaini kuwa gosipoli ilikuwa ikizuia utengenezaji wa mbegu za kiume. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa nchi hiyo waliijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume zaidi ya 8,000. Mpango huo uliachwa baada ya kubainika kuwa baadhi ya watumiaji walipungukiwa na potasiamu mwilini, na wengine hawakurejea kwenye uwezo wao wa kuzaa hata baada ya kuacha dawa.

Funzo kwa maeneo yanayolima pamba ni la wazi. Mafuta ghafi ya mbegu za pamba si chakula. Ni malighafi ya chakula. Kuyachuja kwa kitambaa huondoa makapi yanayoonekana kwa macho, lakini hakuondoi gosipoli iliyoyeyuka ndani yake. Kuyachemsha nyumbani nako hakuwezi kutegemewa. Katika jambo hili mafuta ya pamba yanatofautiana na ya alizeti, ambayo yakikamuliwa vizuri kutokana na mbegu safi yanaweza kuliwa bila kupitia usafishaji wa kiwandani. Mazoea ya kukamua na kuuza alizeti yasihamishiwe kwenye pamba.

Jinsi mafuta yanavyosafishwa

Usafishaji wa mafuta ya pamba hupitia hatua kuu nne. Kwanza, mafuta huchanganywa na maji ya moto ili kuondoa utomvu, ambao ni aina ya lipidi zenye fosforasi. Pili, huongezwa kostiki soda kwa kipimo maalumu. Kostiki hiyo huungana na asidi za mafuta zilizo huru na kuwa sabuni. Kwa kuwa gosipoli nayo ina tabia ya asidi, hunaswa na kostiki na kutolewa pamoja na sabuni hiyo. Tatu, mafuta hupitishwa kwenye udongo maalumu unaofyonza rangi. Nne, hupashwa joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi ndani ya mtambo ulioondolewa hewa, huku mvuke ukipitishwa ili kuondoa harufu.

Hatua ya pili ndiyo inayohitaji ujuzi mkubwa zaidi. Kostiki ikiwa pungufu, gosipoli hubaki. Ikizidi, hushambulia hata mafuta mazuri na kuyageuza sabuni, na mwenye kiwanda hupata hasara. Kipimo sahihi hakiwezi kukadiriwa kwa macho, kwa sababu hutegemea kiasi cha asidi huru kilichomo katika mafuta ya siku hiyo, ambacho hutegemea namna mbegu zilivyotunzwa. Mbegu zilizorundikwa zikiwa na unyevu hujipasha joto zenyewe, vimeng'enya vyake huvunja trigliseridi, na asidi huru huongezeka. Aidha, mafuta ghafi ya pamba yakikaa muda mrefu kabla ya kusafishwa, rangi yake hujikita kiasi kwamba hata udongo maalumu hushindwa kuitoa. Mtambo wa kusafishia unapokuwa mbali na mashine ya kukamulia, ubora hupotea njiani.

Maabara hupima nini

Sayansi ya kupima mafuta ina uhusiano wa karibu na zao hili kuliko wengi wanavyodhani. Chama cha kimataifa cha wakemia wa mafuta, American Oil Chemists' Society, kilianzishwa mwaka 1909 kusini mwa Marekani na wakemia waliokuwa wakipima bidhaa za mbegu za pamba. Shida yao ilikuwa ya kibiashara: mnunuzi na muuzaji walipopeleka sampuli moja kwenye maabara mbili, walipata majibu mawili. Walihitaji njia moja ya kupima ambayo kila upande ungeikubali.

Vipimo vya msingi ni vichache, na vingine havihitaji mitambo ya gharama kubwa. Kipimo cha asidi huonesha jinsi mafuta yalivyovunjika. Kipimo cha peroksaidi huonesha jinsi yalivyoanza kuharibiwa na hewa. Kiwango cha kimataifa cha Codex, kinachosimamiwa na FAO na WHO, kinataka mafuta yaliyosafishwa yasizidi miligramu 0.6 za haidroksaidi ya potasiamu kwa kila gramu ya mafuta katika kipimo cha asidi, na yasizidi 10 katika kipimo cha peroksaidi. Kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa, yale ambayo asili yake inaruhusu hivyo, ukomo ni 4.0 na 15.

Kipimo cha iodini hueleza ulaini wa mafuta na husaidia kutambua aina yake. Mawese kwa kawaida hupata namba 50 hadi 55, pamba 100 hadi 123, na alizeti ya kawaida 118 hadi 141. Kwa hiyo, mafuta yanayouzwa kwa jina la alizeti yakisomeka chini sana ya kiwango hicho, mkaguzi ana sababu ya kuyachunguza zaidi. Lipo pia jaribio la Halphen, linalotumia salfa na joto, ambalo hutoa rangi nyekundu panapokuwa na mafuta ya pamba, kwa kuwa yana asidi za pekee zisizopatikana katika mafuta mengi mengine. Mafuta yaliyopashwa joto kali huweza kulikwepa jaribio hilo, na hapo hutumika kromatografia ya gesi, mtambo unaotenganisha asidi za mafuta moja baada ya nyingine na kuonesha kiasi cha kila moja.

Wajibu wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti

Elimu ya namna hii hufundishwa na kuendelezwa katika vyuo vikuu vya umma nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kina programu za sayansi na teknolojia ya chakula. Programu za fani hiyo zipo pia katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha hufundisha sayansi ya chakula na lishe kwa ngazi ya uzamili na uzamivu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Kemia ambayo imezalisha wakemia wengi wa Taifa.

Kwa upande wa mbegu, kituo cha Ukiriguru mkoani Mwanza, ambacho kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho chimbuko la aina za pamba zinazolimwa Kanda ya Ziwa. Herufi za UK katika majina ya mbegu kama UK91 na UKM08 zinatokana na jina la kituo hicho. Utafiti wa alizeti umekabidhiwa kituo cha Ilonga, Kilosa, mkoani Morogoro.

Matokeo ya tafiti huweza kubadili mwelekeo wa kazi nzima. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliochunguza mbegu na mashudu ya alizeti kutoka kwa wasindikaji wadogo nchini Tanzania. Ulibaini kuwapo kwa sumukuvu katika baadhi ya sampuli, nyingine zikiwa juu ya viwango vinavyokubalika. Sehemu kubwa ya sumukuvu hubaki kwenye mashudu badala ya kuingia kwenye mafuta, jambo linalohamishia tahadhari kwa mfugaji. Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walizalisha pamba ambayo mbegu zake zina gosipoli kidogo sana huku majani yakibaki na kinga yake; mamlaka za nchi hiyo ziliidhinisha ilimwe mwaka 2018, na mwaka uliofuata mbegu zake zikaruhusiwa kuwa chakula. Pamba inayolimwa Shinyanga na Geita haimo katika kundi hilo, na kwa sababu hiyo usafishaji wa mafuta yake hauna mbadala.

Changamoto ya ukanda huu ni umbali. Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, iliyopo Shinyanga, imejikita katika ushirika na biashara. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, umeifikia kampasi hiyo. Kwa upande wa vipimo, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali zina ofisi za Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Maabara ndogo ya kupima asidi na peroksaidi, ikiwekwa karibu na wakamuaji na kusimamiwa na wahitimu wa vyuo hivyo, ingempa msindikaji jibu siku ileile badala ya kusubiri. Huo ni uwekezaji ambao vyama vya ushirika na halmashauri zinaweza kuutafakari pamoja na vyuo.

Tahadhari za pekee katika ukanda wa dhahabu

Shughuli za madini zinaongeza mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza ni vyombo. Uchenjuaji wa dhahabu hutumia sayanidi, kostiki soda na kemikali nyingine, ambazo husafirishwa katika madumu na mapipa. Chombo kilichowahi kubeba kemikali hizo hakipaswi kamwe kutumika kuhifadhi mafuta ya kula, hata kikioshwa mara nyingi. Lipidi huyeyusha vitu ambavyo maji hayawezi kuviondoa.

La pili ni kostiki yenyewe. Msindikaji wa mafuta anapaswa kununua ile iliyokusudiwa kwa chakula kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa, na si iliyobaki kwenye mitambo ya uchenjuaji. Usimamizi wa kemikali hizo uko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003.

La tatu ni ukaangaji. Katika miji na machimbo yenye watu wengi, chipsi, mihogo, samaki na maandazi hukaangwa kutwa nzima, mara nyingi kwa mafuta yaleyale. Mafuta yanayopashwa joto tena na tena huvunjika na kutengeneza kemikali zisizofaa. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka ukomo wa takribani asilimia 25 ya mabaki hayo, na zaidi ya hapo mafuta lazima yatupwe. Mafuta yaliyokuwa mazito, meusi, yenye povu lisilotulia au yanayotoa moshi mapema yamemaliza kazi yake.

Wananchi wazingatie nini

Tangu Julai 2019, udhibiti wa usalama wa chakula umehamishiwa TBS. Mwananchi anashauriwa kununua mafuta yaliyofungashwa, yenye alama ya ubora ya TBS, jina la mzalishaji, aina ya mafuta na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kanuni zinataka mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, ambayo hulinda macho na kinga ya mwili, hasa kwa watoto. Vitamini hiyo huharibiwa na mwanga, hivyo chupa angavu iliyoanikwa juani mbele ya duka hupoteza sehemu ya faida ambayo mnunuzi ameilipia. Mafuta yahifadhiwe mahali penye kivuli, kwenye chombo kilichofunikwa.

Mafuta ya pamba yenye rangi ya wekundu mzito, yanayouzwa kwa kupimwa bila lebo, yasinunuliwe kwa ajili ya chakula hata bei yake ikiwa ndogo. Wafugaji nao wazingatie kuwa mashudu ya pamba ni chakula kizuri kwa ng'ombe wakubwa, ambao tumbo lao hupunguza makali ya gosipoli, lakini ndama, nguruwe na kuku wasilishwe bila ushauri wa ofisa mifugo.

Kwa wasindikaji wadogo, hatua ya kwanza haihitaji mtaji mkubwa: mbegu zianikwe zikauke, zihifadhiwe juu ya sakafu yenye vichanja, na mafuta ghafi ya pamba yafikishwe kwenye kiwanda cha kusafishia bila kuchelewa. Ushauri wa kitaalamu unapatikana katika ofisi za TBS na za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), na kwa maofisa kilimo wa halmashauri. Mwenye shaka juu ya mafuta yaliyopo sokoni atoe taarifa kwa ofisa afya wa eneo lake au ofisi ya TBS iliyo karibu, akieleza mahali alipoyanunua na, ikiwezekana, akiwa na sampuli ndani ya chombo safi kilichofungwa.